Jibu: Droni ya jua juu ya Ziwa Viktoria

Ndugu, umeuliza kama droni ya jua (ndege isiyo na rubani inayotumia umeme wa jua) inaweza kukaa juu ya Ziwa Viktoria miezi mizima kulinda mitumbwi, maana jua Uganda tunalo. Inawezekana, ila kikwazo ni usiku. Hapa ikweta usiku huchukua kama saa 12 mwaka mzima, na muda huo droni hutegemea betri tu. Hatuna zile siku ndefu za kiangazi cha Ulaya.

Piga hesabu. Mota na vifaa vikila wati 500 kwa saa 13 (jua likiwa chini sana paneli za bawani hazichaji kitu cha maana), unahitaji wati-saa 6,500. Kwa betri ya wati-saa 400 kwa kilo, hizo ni kilo 16 na ushee. Betri ikichoka ikapoteza robo ya uwezo wake, droni inaishiwa kabla ya kupambazuka. Kuiacha ishuke polepole kilomita 3 usiku husaidia kidogo tu: kwa ndege ya kilo 75 unaokoa kama wati-saa 600.

Hatari kubwa zaidi ni wakati wa kupanda. Mawingu ya radi ya ziwani hupanda kupita kimo cha kilomita 15, na bawa jepesi la mita 25 halistahimili msukosuko. Helios, droni ya jua ya NASA (shirika la anga la Marekani), ilivunjika hewani karibu na Hawaii mwaka 2003, ikiwa chini ya kilomita 1. Kwa hiyo irushie eneo kavu, asubuhi hewa ikiwa imetulia, ifike kilomita 20 kwanza, ndipo uielekeze ziwani. Na kukaa muda mrefu kunawezekana: Zephyr, droni ya jua iliyorushwa kutoka Kenya mwaka 2025, ilikaa angani siku 67.