Mwanangu, ukulele ya kwanza usiichague kwa rangi

Mwanangu,

Wa aleikum salaam. Ujumbe wako wa Chake Chake nimeupata. Unauliza, kwa ajili ya kuimba na watoto wa maandalizi hapo skuli, uchukue ile ukulele, kigitaa cha nyuzi nne, ya rangi ya elfu arobaini au ujikusanye ufikishe laki.

Jikusanye. Mie nimezoea kupiga udi, na shingo ya udi haina vile vyuma vyembamba vinavyoikata shingo kwa upana: sauti ikikosea, kidole kinasogea kinaitafuta. Ukulele haikupi nafasi hiyo. Vyuma vya shingoni ndivyo vinavyoamua, na kimoja kikitiwa pahali sipo, utakaza nyuzi mpaka uchoke na wimbo hautonyooka. Zile za rangi za bei ya chini nyingi zina maradhi hayo.

Dukani, piga uzi mtupu, kisha ubonyeze kwenye chuma cha 12 upige tena. Iwe sauti ile ile, ila ya juu zaidi. Ikipinda, mrudishie mwenyewe. Jaribu nyuzi zote nne, na muuzaji akinuna mwache anune. Vifungo vya kukazia viwe vya gia, visirudi nyuma. Nyuzi nazo zisiwe zimepaa mbali na shingo, utaumia vidole bure.

Kwa ukubwa, iitwayo soprano ina urefu wa kama inchi 21, konsati 23, na tenor 26. Zote hutiwa sauti zile zile, G, C, E na A. Wewe una vidole vya marehemu babu yako, chukua konsati.

Watakusifia ya mbao nzima. Kwa pesa yako, na kwa unyevu wetu wa masika, ya plaiwudi inastahimili zaidi. Ila usiiache ndani ya gari juani, gundi itaachia.

Nyuzi mpya za nailoni hulegea siku za mwanzo: asubuhi umekaza, mchana zimeshuka. Usiilaumu, endelea kukaza. Na asije fundi yeyote akakutilia nyuzi za chuma za gitaa, zitaling'oa daraja, kile kibao cha tumboni zinapofungwa nyuzi.

Mfuko usinunue. Nina kanga nzito na sponji iliyobaki kwenye mito. Nipimie urefu wa ukulele na upana wa tumbo lake, nikushonee niutie kwenye boti. Na ikipungua elfu kumi au ishirini, sema, nitakurushia kwa simu.

Mamako