Sponji nene haitamsaidia mzee

Dada, umeuliza umnunulie babako, anayekaa kwenye kiti cha magurudumu, sponji ya kukalia ya inchi 4 ama ule mto wa duara wenye tundu katikati, maana ngozi ya makalio imeanza kuwa nyeusi na ngumu. Wa duara uache kabisa. Ukingo wake hubana damu pande zote, na nyama ya katikati ndiyo inayokosa.

Mimi ni fundi wa makochi hapa Malindi. Mito hii niliianza kwa ajili ya shemeji yangu, mgema aliyeanguka mnazi akaumia uti wa mgongo. Kiunoni kwenda chini hasikii kitu, basi hana cha kumwambia ajigeuze.

Ukikaa, uzito hushukia mifupa miwili ya makalio. Mto mzuri huipunguzia mifupa hiyo mzigo na kuutwika mapaja. Sponji laini tupu haiwezi: hata iwe nene, mifupa huzama mpaka ikagota chini. Kwa hiyo natanguliza sponji ngumu, nyuma nachimba shimo la sentimita 3 hivi, pana la kuingia mifupa yote miwili, na mbele yake nabakiza ngazi ya kubeba mapaja. Ngazi hiyo pia humzuia asiteleze mbele, kwani kule kuteleza huchana nyama kwa ndani kabla ngozi haijaonyesha lolote. Sponji laini huja juu ya hayo yote. Na kama kitambaa cha kiti kimelegea, tumbo la mto, yaani upande wake wa chini, lichongwe lifuate ule ubonyeo.

Halafu watu huharibu kazi yote kwa foronya! Wanataka leza, ile ngozi ya makochi inayong'aa, ivutwe barabara. Ikivutwa hivyo inakuwa kama ngozi ya ngoma, mtu anakaa juu ya shimo badala ya kuingia ndani yake. Na joto letu hili, leza inahifadhi jasho, ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Mimi nashona kitambaa cha jezi, kinachovutika, kilegee kidogo, chenye zipu kifuliwe.

Kupima, tumia njia inayofundishwa na Shirika la Afya Duniani. Mzee akiwa amekaa wima, penyeza ncha za vidole chini ya mfupa, kiganja juu. Vikicheza juu na chini nusu sentimita au zaidi, salama. Vikitoka lakini havichezi, bado si salama. Vikibanwa, mto huo haumfai. Pima kulia na kushoto, wengi huegemea upande mmoja. Tazama pia pa kuwekea miguu: pakiwa juu, magoti hupanda na uzito wote hurudi makalioni.

Hata hivyo ainame mbele mara kwa mara, akae hivyo kama dakika 2. Na hapo palipobadilika rangi asipakalie kwanza, mpelekeni kliniki wapaone. Kwa fundi nendeni na mzee mwenyewe na kiti chake. Vipimo vya kwenye simu mimi huwa sipokei.