Mche ulichipua vizuri halafu ukakauka, nilikosea wapi?

Swali: Habari za kazi bwana shamba. Mwaka jana majira ya machipuko, baridi ilipoisha tu nikapanda mitufaha miwili bustanini, ikatoa majani mazuri mpaka nikawaita majirani waje waone, halafu joto lilipoanza yakanyauka na wiki 3 baadae miche yote ikawa kuni. Na maji nilikuwa naweka kila jioni! Nataka kupanda tena ila naogopa.

Jibu: Pole sana ndugu yangu, ngoja nikujibu kwa urefu maana wengi mnalia na hili hili. Yale majani ya mwanzo ndo yanayotudanganya. Mche unachipua kwa akiba iliyomo kwenye shina na mizizi, kwahiyo hata kama mizizi haijatoka nje ya lile bonge la udongo uliokuja nao bado utauona umependeza, ila jua likikaza majani yanadai maji mengi na mizizi bado imejibana palepale, na hilo bonge linakauka haraka hata kama udongo wa pembeni una unyevu. Kikopo kila jioni kinalowesha juu tu. Bora uweke lita 10 mpaka 20 kwa mkupuo, polepole, juu ya bonge lenyewe, mara 2 au 3 kwa wiki mwanzoni halafu unapunguza. Kabla hujamwaga chomeka kidole, ukikuta udongo bado una maji acha, maana mizizi ikikosa hewa inaoza na mti wa hivyo unanyauka kama wenye kiu vilevile, hapo ndo mtu anazidisha maji na kuumaliza kabisa.

Ila mimi naona kosa kubwa kuliko la maji ni kufukia sana, na hukuniambia shimo lako lilikuwaje. Angalia pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi, hiyo shingo lazima ionekane juu ya ardhi, na saa nyingine imeshafukiwa tangu kitaluni kwahiyo toa ule udongo wa juu mpaka uione. Mtufaha uliobebeshwa (yaani kikonyo cha mti mmoja kimeunganishwa kwenye shina la mwingine), kile kiungio nacho kibaki juu. Shimo lisizidi kina cha bonge, ukichimba sana ukajazia udongo laini chini utashuka na mti utazama nao. Upana ndo uongeze, mara 2 au 3 ya bonge, maana mizizi mingi inatembea kwenda pembeni karibu na juu, haiendi chini sana kama watu wanavyodhani. Na ukitoa kwenye kiriba, kile kimfuko cha mche, ukakuta mizizi imejizungusha kama kamba usiionee huruma, ifungue kwa vidole au ikate na kisu kikali, ukiiacha itaendelea kuzunguka mpaka ije ilikabe shina mti ukishakua.

Swali: Niweke samadi na mbolea ya dukani ndani ya shimo?

Jibu: Hapana dada, rudishia udongo uleule uliochimba. Ukijaza vitu vitamu shimoni mizizi inanogewa humohumo haitoki, na mbolea kali inaunguza mizizi michanga. Mboji itandaze juu, sentimita 5 mpaka 8, iache kiganja kizima bila kugusa shina (ikigusa gome linaoza). Na ng'oa nyasi zote zilizouzunguka mche, duara la kama mita 1, nyasi ni wezi wakubwa wa maji kuliko jua lenyewe, nasema hivi nimeona miche mingi imedumaa kwa sababu hiyo tu.

Swali: Kijiti cha kuushikilia ni lazima?

Jibu: Kama unasimama wenyewe, uache. Kutikiswa na upepo ndo kunanenepesha shina. Kama unalala, funga chini, kama theluthi ya urefu wake, kwa kitambaa kilicholegea na siyo waya, na mwaka ukiisha utoe.

Swali: Mche wa jirani umeshajaa majani, wangu kimya mpaka leo. Ning'oe?

Jibu: Usiwe na haraka jamani! Kwangua gome kidogo na ukucha, anzia ncha ya tawi ushuke mpaka kwenye shina. Ukikuta kijani na unyevu uko hai, endelea na maji. Ukikuta kahawia na kukavu mpaka chini kabisa, hapo ndo ung'oe, na ukishaung'oa itazame mizizi yake kabla hujatupa.