Ukuta Kwanza, Picha Baadaye: kwa mafundi wapya wa finishingi

Wadogo zangu, leo naandika nikiwa nimekasirika kidogo, mnivumilie. Juzi nimepita saiti moja kule Isyesye, hapahapa Mbeya, nikamkuta kijana anabandika paneli za mistari kwenye ukuta wa TV. Mkono anao, sikatai. Ila plasta pembeni ya paneli bado ilikuwa na ule weusi wa unyevu, na mvua hazijakatika. Nikamuuliza, "Plasta hii ina muda gani?" Akatoa simu. "Mkuu, cheki hii, ndiyo mtindo unaokuja." Nimeuliza umri wa plasta, napewa sebule ya Dubai.

Mitindo siipingi, ndiyo inayotulisha. Lakini mteja akishakuonyesha picha, kazi yako ni kujua picha hiyo ikihamia Mbeya itafanyaje. Nitayapa namba haya ninayosema, ingawa najijua, namba zangu huwa hazidumu.

1. Pima unyevu kabla ya kupima ukuta. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mvua zinaanza Novemba na hazina haraka ya kuondoka, na zikiondoka unaingia ubaridi wa Juni na Julai. Plasta ya huku inadanganya: juu imeshakuwa nyeupe, ndani bado inatoa maji. Chukua kipande cha nailoni ngumu, nusu mita kwa nusu mita hivi, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kilale hadi kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani, kusanya vifaa vyako uende nyumbani. Mteja atanuna. Mwache anune.

2. Jua nyuma ya ukuta kuna nini. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kujulikana mjini. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amejenga kwa kiinua mgongo chake huko juu, upande wa mlima Loleza. Mnavijua viwanja vyetu vya mlimani: unachonga kilima upate sakafu tambarare, ukuta wa nyuma unabaki umeegemewa na udongo. Mama alitaka sebule kama aliyoiona kwa binti yake Dar. Nikamwekea paneli za MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, ukuta mzima wa nyuma, rangi ya mbao iliyokolea, taa ya LED imejificha kwa juu. Ilipendeza, acha niseme ukweli. Nikapiga picha nikaweka status, simu zikaanza kuita. Mama akanipikia wali kwa kuku na kunimalizia hela yangu yote siku hiyohiyo.

Ilikuwa Septemba. Septemba huku kila ukuta ni mkavu, hata ule mgonjwa.

Januari akanipigia. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, njoo uangalie, ukuta wako unaota uyoga." Nikadhani ananitania. Nilipofika, harufu ilinipokea kabla sijavua viatu. Paneli za chini zilikuwa zimevimba, ile karatasi ya juu imefumuka kwenye kingo, na MDF yenyewe ukiibonyeza kidole kinazama. Nikang'oa moja. Nyuma yake ukungu mweusi mtupu, na maji yanachuruzika taratibu kutoka kwenye maungio ya matofali. Na uyoga ulikuwepo kweli, mdogo, mweupe, kwenye kona karibu na soketi. Soketi, jamani!

Nikaanza kutafuta wa kumtwisha. Nikamtaja aliyejenga: DPC, ile tabaka ya kuzuia unyevu usipande ukutani, hakuiweka ya maana, ukuta hakuupaka lami kwa nje, mtaro hakuchimba. Yote kweli. Mama akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Wewe ulipokuja kupima, ulizunguka nyuma ya nyumba?" Sikuzunguka. Nilipima urefu na kimo, nikapiga hesabu ya paneli, nikachukua advansi nikaondoka. Ningezunguka ningeuona udongo umefika usawa wa dirisha, na majani mabichi yamestawi palepale kwenye ukuta wakati kiwanja kizima kimekauka.

Tuling'oa zote. Vibarua wa mtaro niliwalipa mimi, kokoto mimi, lami mimi. Hela ya paneli nilirudisha kwa awamu, na kila nikipeleka awamu mama ananipa chai na kunisahihishia daftari langu la mahesabu kwa wino mwekundu, maana ualimu haustaafu. Ukuta tuliuacha uchi kiangazi kizima, halafu tukaupaka chokaa.

Na hapo ndipo ninapocheka peke yangu. Siku hizi wateja wananionyesha kuta zenye mawingumawingu, wanasema ndio mtindo mpya wa Ulaya, na bei ya ndoo moja inatisha. Ni chokaa! Chokaa iliyotiwa rangi ya udongo kidogo, ikapakwa kwa brashi pana, mikono ikipishana huku na huku. Inauacha ukuta upumue, jambo ambalo rangi ya plastiki haifanyi. Ila usiipake juu ya rangi ya zamani yenye kung'aa, itapukutika. Inataka plasta tupu.

3. Kijivu kimechuja. Kwa miaka mingi kila sebule ilikuwa kijivu na nyeupe. Sasa watu wanarudi kwenye kahawia, rangi ya chungu, kijani kilichofifia, na kona za mviringo badala ya kona kali. Pantone, kampuni ya rangi ya Marekani, ilitangaza kahawia yake, Mocha Mousse, kuwa rangi ya mwaka 2025, halafu kwa 2026 ikachagua nyeupe, Cloud Dancer. Mteja anayetaka kufuata kila tangazo atakutajirisha wewe huku yeye akifilisika, kwa hiyo mwambie ukweli. Kwetu kahawia ina sababu yake. Jua la Juni linapita upande wa kaskazini, chumba chenye madirisha ya kusini tu hakilioni, na ukikipaka kijivu asubuhi ya Julai utadhani umeingia kwenye friji. Paka sampuli kwenye kuta mbili, uitazame asubuhi na jioni.

4. Taa: soma boksi. Namba yenye K ndiyo rangi ya mwanga. 3000K, mwanga wa manjano, sebuleni na chumbani. 6500K, ule mweupe wa kubuluika, waachie duka la dawa.

5. Mbao na mianzi. Paina ya Mafinga ikipigiliwa mbichi itapinda tu. Tafuta iliyokaushwa kwenye tanuri, na hata hiyo ilaze ndani ya nyumba wiki mbili kwanza. Mianzi nayo imerudi kwa kasi, kwenye dari na kwenye taa. Mwanzi una utamu. Wagema ulanzi, pombe ya mwanzi, wa Iringa wanalijua hilo, na wadudu pia. Kuna dari niliitwa kuitazama, familia inakula chini yake na unga wa kubunguliwa unadondokea kwenye ugali. Loweka kwenye boraksi na asidi ya boriki, kausha, ndipo upandishe.

6. Vikapu vya milulu, yale majani ya kusukia, vya Iringa vinapendeza ukutani kuliko picha za maua ya plastiki, na bei inabaki kwa mama aliyesuka. Usivipige vanishi nzito, na usivitundike karibu na jiko.

7. Jipsamu. Zile dari za ngazi tatu zenye taa za rangi saba, za ukumbi wa harusi, zimepita. Wateja wanataka dari bapa, tulivu. Kabla ya kuziba, subiri mvua moja ya maana upande juu na tochi, kila msumari wa bati uutazame. Na matundu ya hewa msiyaguse! Njombe na Makete watu wanaingiza jiko la mkaa ndani jioni kuota moto, ndivyo walivyolelewa, na wewe umeshaziba matundu yote ili konisi, ule urembo wa maungio ya ukuta na dari, ipite vizuri. Hewa ya mkaa haina harufu, na inaua watu usingizini. Kila saiti ya huko, uliza kwanza wanaota moto wapi, na dirisha la chumba hicho ulifungue kwa mkono wako uone kama linafunguka.