Kiini Kimepauka? Angalia Chakula Kabla Hujalaumu Kuku

Mteja akipasua yai akakuta kiini kimepauka, neno la kwanza ni "hawa kuku wanachomwa dawa". Nauza trei kwa mama lishe na vibanda vya chipsi hapa Morogoro, na kauli hiyo nimeizoea. Dawa haihusiki. Ni chakula.

Kuku hana uwezo wa kujitengenezea rangi ya njano. Anaipata kwenye anachokula, hasa lutini na zeaksanthini zilizomo kwenye majani na mahindi ya njano, kisha inakwenda kukaa kwenye mafuta ya kiini. Sasa mahindi yetu ni meupe. Changanya mahindi meupe, pumba, mashudu ya alizeti na dagaa: kuku watataga vizuri tu, ila kiini kitapauka. Mtama na muhogo ni hivyo hivyo. Hata kuku wa kienyeji anayesifiwa kwa kiini chake, mfungie bandani umpe pumba na mahindi meupe, mwezi hauishi utaona tofauti. Na protini ya yai haipungui kwa sababu kiini kimepauka. Wateja hawapendi kusikia hilo, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa kuwa mahindi ya njano hayapatikani kirahisi, mimi nategemea majani: mchicha, mchunga na lusina, mti unaojiotea pembeni mwa mashamba. Mabichi nayafunga mafungu na kuyaning'iniza usawa wa kichwa cha kuku, wayadonoe. Ukiyamwaga chini yanaishia kwenye maranda na kinyesi. Ya kusaga na kuchanganya kwenye chakula yaanike kivulini, kwa sababu jua kali linaua rangi ile ile unayoitafuta. Jani lililokauka sawasawa linavunjika mkononi likiwa bado la kijani; likishakuwa la kahawia, peleka shambani kama mbolea. Lusina usiizidishe, ina sumu iitwayo mimosini. Kilo 3 hadi 5 za majani yake makavu yaliyosagwa katika kilo 100 za chakula zinatosha. Na majani ni nyongeza, hayachukui nafasi ya chakula cha kutagia: ukipunguza chakula kwa sababu umewapa majani, mayai yatapungua.

Usitarajie mabadiliko kesho yake. Kiini hujengwa tabaka juu ya tabaka kwa takribani siku 10 kabla yai halijatoka, kwa hiyo njano inaanza kuonekana baada ya siku chache na kutulia wiki ya pili au ya tatu. Wengi huacha wiki ya kwanza wakisema majani hayafanyi kazi. Kama wiki 3 zimepita na hakuna kitu, fikiria minyoo au koksidiosisi, ugonjwa unaoshambulia utumbo wa kuku: utumbo uliodhurika haunyonyi rangi vizuri.

Nikiwa sokoni kununua kuku wanaotaga wa aina yenye miguu ya njano, naangalia miguu. Anayetaga sana miguu yake hupauka, kwa sababu rangi yote inakwenda kwenye mayai. Muuzaji atakusifia yule mwenye miguu inayong'aa, mwachie.

Mashudu ya pamba, hata yakiwa ya bei ya chini, kuku wa mayai usiwape. Yana kemikali iitwayo gosipoli, na yai likikaa siku kadhaa kiini hugeuka kijani cha matope au kahawia. Kiini cheupe mteja atanung'unika lakini atakula. Hicho cha kijani atarudisha trei nzima.