Maswali na Majibu: "Ndiyo" Moja Mbele ya Polisi wa Marekani

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza haki za mtu mbele ya dola kule Marekani, na mahakama zao zimesemaje. Nimechukua chache. Niseme mapema nisije nikadhaniwa mengine: mimi si wakili. Ni mkalimani wa Kiswahili mahakamani, katika mji mmoja wa Marekani wenye Wakongo, Wakenya na Watanzania wa kutosha. Mwenye kesi amtafute wakili.

Shikamoo. Kwenye filamu za Marekani polisi akimkamata mtu humwambia "una haki ya kunyamaza". Asipoyasema hayo, kesi inafutwa? (Kijana, Temeke, Dar es Salaam)

Marahaba. Haifutwi.

Maneno hayo yalitokana na Ernesto Miranda, aliyekamatwa Phoenix, Arizona, mwaka 1963 kwa tuhuma za kuteka na kubaka. Polisi walikaa naye saa mbili, akatoka ameshasaini karatasi ya kukiri kosa. Hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kunyamaza au kuwa na wakili. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wanne, ilikataa ungamo lile lisitumike. Tangu hapo mtu aliye chini ya ulinzi, kabla ya kuhojiwa, lazima aambiwe kwamba anaweza kunyamaza, kwamba atakachosema kinaweza kutumika dhidi yake, kwamba ana haki ya wakili, na kwamba kama hana fedha atapewa mmoja.

Shika hayo mawili, "chini ya ulinzi" na "kuhojiwa". Polisi wakikukamata na wasikuulize kitu, hawana deni la kukusomea chochote. Wakikuhoji bila kukusomea, kinachotupwa ni maneno yako, na ushahidi mwingine unabaki palepale. Miranda mwenyewe alishtakiwa upya bila lile ungamo, akatiwa hatiani tena, akarudi gerezani. Alipotoka akawa anauza kadi zenye maneno hayo, kazitia saini yake. Mwaka 1976 alichomwa kisu kwenye baa hukohuko Phoenix, akafa.

Sasa lile ambalo filamu hazikuonyeshi: haki ya kunyamaza huipati kwa kunyamaza. Kesi ya Berghuis dhidi ya Thompkins, mwaka 2010, ilihusu mtuhumiwa wa mauaji huko Michigan aliyehojiwa karibu saa tatu bila kusema la maana. Mwishoni askari akamwuliza kama anamwamini Mungu, kama husali, na kama humwomba Mungu amsamehe kwa kumpiga risasi yule kijana. Akajibu: ndiyo. Neno hilo moja lilitumika kumfunga, kwa kuwa, walisema majaji watano dhidi ya wanne, hakuwahi kutamka kwamba anachagua kunyamaza. Kabla ya hapo, mwaka 1994, mahakama hiyohiyo ilishaamua kwamba mtu aliyesema "labda niongee na wakili" hajaomba wakili. Eti "labda".

Hapa ndipo ninapowahofia watu wetu. Ombi letu huzunguka: samahani, naomba, kama itawezekana. Na lugha yenyewe ina mtego. Nilikaa siku moja kwenye chumba cha mahojiano na mzee wa Kikongo aliyeishi miaka mingi kambini Nyarugusu, mwenye Kiingereza cha kuombea maji. Askari akamwuliza, "Hutaki wakili, sivyo?" Mzee hakunisubiri, akadakia kwa Kiingereza chake: hapana. Kwetu sisi, ukiulizwa "hutaki?" ukajibu "hapana", maana yake si kweli kwamba hutaki, unamtaka. Kwa Kiingereza "hapana" ile ilimaanisha hamtaki wakili, na askari alishaanza kuandika. Ikabidi niombe ruhusa swali liulizwe upya, bila ule ukanushi ndani yake. "Unataka wakili?" Mzee akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililokwisha jibiwa. "Si nimesema?"

Kijana wangu, ukijikuta huko, sema sentensi mbili: "Sitajibu maswali. Nataka wakili." Usiongeze samahani.

Polisi wakibisha hodi nyumbani, ni lazima niwafungulie? Mimi nimezoea mgeni hafukuzwi. (Mama, Columbus, Ohio)

Mama, mazoea hayohayo ndiyo ya kuangalia. Kwetu mtu akibisha hodi unasema "karibu" kabla hujajua ni nani. Mlangoni Marekani, karibu hiyo ni ridhaa, na ridhaa hufungua kila kitu.

Kanuni yenyewe ni nzuri. Mwaka 1980, katika kesi ya Payton dhidi ya New York, Mahakama ya Juu ilisema polisi hawaingii nyumbani kwa mtu kumkamata bila hati ya jaji, isipokuwa kwa dharura au kwa ruhusa. Nguvu yote imebaki kwenye hilo neno "ruhusa". Katika kesi ya Schneckloth dhidi ya Bustamonte, mwaka 1973, polisi wa California walisimamisha gari usiku, wakaomba kulipekua, mmoja wa waliokuwemo akakubali, zikaonekana hundi za wizi chini ya kiti. Hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kukataa. Mahakama ikasema polisi hawana wajibu wa kumwambia. Hukumu hii mimi haijawahi kuniingia akilini. Jaji Thurgood Marshall naye aliipinga: uamuzi wa mtu asiyejua kwamba ana njia nyingine, utauitaje chaguo?

Kwa hiyo zungumza nao kupitia mlango uliofungwa. Waambie waipitishe hati chini ya mlango au waioneshe dirishani. Tazama saini: ni ya jaji? Anwani ni ya kwako? Kama ndivyo, fungua. Kama hawana, sema kwa upole lakini wazi kwamba hutoi ruhusa. Wakiingia kwa nguvu usiwazuie kwa mwili wako. Rudia tu kwamba hujaruhusu, mengine yatajadiliwa mbele ya jaji. Karatasi ya watu wa uhamiaji mara nyingi husainiwa na afisa wao wenyewe, wala si jaji, na uzito wake mlangoni unabishaniwa. Hiyo usijitafsirie mwenyewe. Piga simu kwa wakili.

Naenda kusoma Texas kwa viza ya mwanafunzi. Katiba yao inanihusu mimi nisiye raia? Na simu yangu je? (Msomaji, Nairobi)

Inakuhusu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1886 San Francisco ilikuwa na sheria iliyotaka kibali kwa kila mwenye duka la kufua nguo ndani ya jengo la mbao. Wachina kama 200 waliomba, wakanyimwa wote. Wasio Wachina walipewa, isipokuwa mmoja. Katika kesi ya Yick Wo Mahakama ya Juu ilisema Marekebisho ya 14 ya Katiba yanamlinda "mtu", na neno "mtu" halina pasipoti. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, jimbo hilohilo la Texas unakoenda lilikatazwa kuwafungia shule watoto wasio na hati za kuishi nchini.

Ila ulinzi huo una nguvu ukiwa ndani. Mlango wa kuingilia ni habari nyingine. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo iliacha marufuku ya Rais Trump ya raia wa nchi kadhaa kuingia nchini isimame, na Somalia ilikuwa kwenye orodha.

Simu nayo ni hivyohivyo. Polisi wa mtaani akikukamata, hawezi kupekua yaliyomo bila hati ya jaji. Ni kesi ya Riley dhidi ya California, mwaka 2014, na majaji wote tisa walikubaliana. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba mgeni kutoka Mars angedhani simu ni kiungo cha mwili wa binadamu. Lakini kwenye uwanja wa ndege, kabla hujagongewa muhuri, maafisa wa mpakani hupekua simu bila hati. Raia akikataa kuifungua wanaweza kumchukulia simu, lakini watamwingiza nchini. Wewe wa viza ukikataa unaweza kurudishwa ulikotoka. Safiri na simu isiyo na mambo mengi.

Binti yangu yuko shule ya msingi. Hataki kusimama na kutamka kile kiapo cha bendera cha asubuhi, kwa sababu za dini. Mwalimu ametishia kumwadhibu. (Baba, Minneapolis)

Kama ni shule ya serikali, mwalimu amekosea kwa zaidi ya miaka 80. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ilikubali watoto wa Mashahidi wa Yehova walazimishwe kusalimu bendera. Miaka mitatu tu baadaye ikaigeuza hukumu yake yenyewe, katika kesi ya West Virginia dhidi ya Barnette. Familia iliyoshtaki ilikuwa na mabinti wawili waliofukuzwa shule. Jina lao hasa ni Barnett. Mahakama ilikosea ikaongeza "e", na kosa hilo linafundishwa vyuoni hadi leo. Hukumu ilisomwa tarehe 14 Juni 1943, Siku ya Bendera, vita vya dunia vikiwa vimepamba moto. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba hakuna afisa, mkubwa wala mdogo, mwenye mamlaka ya kuwaamulia watu itikadi sahihi katika siasa, uzalendo au dini.

Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo iliamua kwa upande wa wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa. Ukimwandikia mkuu wa shule, taja Barnette peke yake, inatosha. Shule ikiwa ya binafsi, Katiba haiibani. Hiyo huibana serikali. Na msomaji wa Florida akisoma hapa, kule wanataka barua ya mzazi kwanza.

Ni kweli mtu anaweza kuchoma bendera ya Marekani asifungwe? (Msomaji, Tanga)

Kweli. Texas dhidi ya Johnson, mwaka 1989, watano kwa wanne. Iwe bendera yako tu. Ukichoma ya jirani utashtakiwa kwa mali yake.

Ndugu yangu ana kesi ya jinai na pia ya uhamiaji. Atapewa wakili wa bure? (Dada, Houston)

Pole, dada. Ya jinai, kama hana uwezo na anaweza kufungwa, ndiyo. Hilo tulipewa na mzururaji mmoja, Clarence Gideon, aliyeshtakiwa Florida mwaka 1961 kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Aliomba wakili, jaji akamjibu kwamba sheria ya jimbo inawapa wale tu wanaokabiliwa na adhabu ya kifo. Akajitetea mwenyewe, akapigwa miaka mitano. Akiwa gerezani alichukua penseli na karatasi za magereza zenye mistari, akaiandikia Mahakama ya Juu. Mwaka 1963 majaji wote tisa wakampa haki. Kesi ikaanza upya, safari hii akiwa na wakili, mwenyeji wa mji ule. Wakili akambana shahidi mkuu kwa maswali ambayo Gideon peke yake hakuyajua, na jopo la raia wanaoamua hatia likamwachia.

Ya uhamiaji, hapana. Ile haihesabiwi kuwa jinai, kwa hiyo serikali hailipii wakili. Utatafuta wa kulipa au mashirika ya msaada wa kisheria. Nimeshuhudia mtu akisimama peke yake mbele ya jaji wa uhamiaji, ana mimi tu wa kumtafsiria, na mimi siruhusiwi kumshauri hata neno.

Lakini sikiliza hili, linamhusu sana ndugu yako. Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, mwaka 2010, wakili wa jinai lazima amweleze mteja asiye raia kama kukiri kosa kutamfukuzisha nchini. Padilla alikuwa ameishi Marekani miaka 40 na kulitumikia jeshi lake wakati wa vita vya Vietnam. Wakili wake alimwambia asihofu. Kabla ndugu yako hajakubali kosa lolote, hata dogo lisilo na kifungo, amwulize wakili swali hilo na apate jibu la wazi. Wapo waliosema "ndiyo, nakiri" ili warudi nyumbani jioni hiyo, wakaja kurudi kwa ndege.

Mwalimu wetu wa historia anasema Mmarekani mweusi ndiye aliyeandika haki za binadamu za Katiba ya Kenya. Ni kweli? (Mwanafunzi, Mombasa)

Nusu kweli. Ni huyohuyo Thurgood Marshall. Kabla hajawa jaji alikuwa wakili aliyeshinda kesi ya Brown mwaka 1954, iliyovunja ubaguzi wa rangi katika shule. Mwaka 1960 Tom Mboya alimwita awe mshauri wa wajumbe Waafrika kwenye mkutano wa katiba ya Kenya pale Lancaster House, London. Huko aliandika rasimu ya sura ya haki. Ndani yake aliweka elimu na afya, ambazo Katiba ya kwao haizitaji hadi leo. Aliwalinda pia walio wachache, wazungu na Wahindi, jambo ambalo si wote waliolipenda. Katiba ya uhuru ya 1963 haikuifuata neno kwa neno, kwa hiyo kwenye mtihani andika "alishauri na kuandika rasimu".

Kabla ya London alipitia Kenya. Akapelekwa kwenye mkutano wa hadhara, na afisa wa kikoloni akamzuia kuhutubia. Marshall akaomba aseme japo neno moja la salamu. Akakubaliwa, moja tu. Akapanda juu ya gari, akapaza sauti: "Uhuru!" Umati ukalipuka.