Maswali na Majibu: Saa janja kwa anayesumbuliwa na kiwewe

Mume wangu alinusurika ajali ya basi mwaka jana. Mpaka leo akisikia honi ya lori moyo humwenda mbio, jasho humtoka, na gari hapandi. Anapata ushauri nasaha hospitalini. Kaka yake kamletea saa janja inayopima mapigo ya moyo. Itamsaidia au itamzidishia hofu? *Mama wa wawili, Morogoro*

Dada, yote mawili yanawezekana; inategemea mtakavyoitega. Saa hiyo haipimi hofu. Upande wa chini ina taa za kijani zinazomulika ngozi, na kipokezi kinachosoma mwanga unaorudi kadiri damu inavyojaa na kupungua mishipani. Kupanda ngazi, kahawa, homa ya malaria na hofu, vyote inaviona sawa: mapigo yamepanda. Na kama anameza propranolol, dawa hiyo hushusha mapigo, hivyo anaweza kujaa hofu huku saa imenyamaza.

Wiki mbili za kwanza msitege tahadhari yoyote. Aivae upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, ikae imara bila kubana. Ikilegea, mwanga wa nje huingia na namba huruka ovyo. Asubuhi na jioni, akishaketi dakika 5, aandike mapigo yake. Wakati huohuo ajizoeze kupumua akiwa ametulia: kuvuta kwa sekunde 4, kutoa kwa sekunde 6, kwa dakika 5, mara 2 kwa siku. Wengi hukosea hapa. Husubiri siku ya mshtuko ndipo wajaribu, na mwili ulioshtuka haufundishiki.

Baada ya hapo tegeni. Kama akiketi mapigo ni 72, anzeni na 100. Tahadhari zikizidi, ongezeni 5. Chagueni mtetemo, kamwe si mlio, maana mlio wa ghafla humshtua upya. Msishangae ikichelewa: Apple Watch, kwa mfano, hutoa tahadhari pale tu mtu anapokuwa hajajishughulisha kwa dakika 10. Ikitetemeka, akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ataje kwa sauti vitu 5 anavyoviona, kisha apumue kama alivyojizoeza. Namba asiitazame mpaka amalize. Anayechungulia saa kila dakika hujitisha, na mapigo huzidi kupanda. Ukimwona amefikia huko, mwombe aivue.

Akitulia aandike wakati, mahali, kilichotangulia, na ukali wa hofu kuanzia 0 hadi 10. Kwetu sisi daftari hilo lina thamani kuliko saa yenyewe, kwa sababu mshauri wake ataona kinachoamsha hofu yake. Watakapoanza mazoezi ya kurudi garini hatua kwa hatua, amuulize mshauri kama aivue. Katika mazoezi hayo mapigo hutakiwa kupanda, kisha yashuke yenyewe. Akiigeuza saa kuwa hirizi, ataamini ni saa iliyomwokoa.

Nilikimbia vita Kivu, sasa naishi Ohio. Majinamizi hayaniachi. Je, ni kweli kuna programu ya saa inayoyakatiza? *Baba, Columbus*

Ipo, ndugu yetu. Inaitwa NightWare, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu Novemba 2020 kwa watu wa miaka 22 na zaidi, kwa cheti cha daktari tu. Inatumia Apple Watch: hufuatilia mapigo na mijongeo yako usingizini, na ikihisi jinamizi hutetemesha mkono taratibu ili ndoto ikatike bila wewe kuamka. Katika jaribio la siku 30 la watu 70, hata waliovaa saa isiyotetemeka walipata nafuu. Waliotetemeshwa walipata zaidi kidogo. Kwa hiyo usiache dawa wala tiba ya mazungumzo kwa ajili yake. Kama huwa unatembea au unarusha ngumi usingizini, haikufai, na daktari lazima alijue hilo. Saa ichajini jioni wakati wa chakula, isije ikazimika usiku wa manane. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupatia mkalimani bila malipo. Mwombe unapopanga miadi.

Nimemkimbia mume aliyekuwa akinipiga. Saa ninayotumia kupimia mapigo aliiunganisha yeye na simu yake. *Mombasa*

Dada, inaweza kumwonyesha ulipo. Lakini usiizime kabla hujazungumza na mtu wa msaada, kwa kuwa akiona imepotea ghafla anaweza kukutafuta kwa hasira. Kenya, namba 1195 ya msaada kwa waathirika wa ukatili wa kijinsia hupigwa bure. Mkishapanga usalama wako, ifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani, kisha fungua akaunti mpya kwa barua pepe mpya, kwenye simu ambayo hajawahi kuigusa, na uzime kipengele cha kuonyesha mahali. Ikidai nywila yake, iache. Mazoezi ya kupumua hayahitaji saa.